Gari Alilolikagua Jicho

Mtaa ule ulikubaliana katika mambo mawili tu: kwamba maji ya bomba yakitoka na rangi ya chai hayanyweki, na kwamba Jicho hadanganyiki na rangi ya gari. Mengine yote watu walibishana mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Lakini likija suala la rangi, hata wale waliozaliwa wakibishana na mkunga walinyamaza wamsikilize Jicho.

Alikuwa fundi wa kupiga rangi magari, mwenye gereji ya mabati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahauliwa na kila mtu isipokuwa mama yake na ofisi ya vitambulisho. Mikono ndiyo iliyomlisha, ila jicho ndilo lililompa heshima. Mtu akitaka kununua gari lililotumika, kwanza alikwenda kumchukua yeye. Jicho alilizunguka gari polepole, mikono mgongoni, kama jenerali anayekagua gwaride. Alichuchumaa, akafumba jicho moja, akagonga bati kwa kifundo cha kidole, kisha akatoa hukumu. "Limeguswa." Au, "Halijaguswa. Rangi ya kiwandani." Hakukuwa na rufaa. Muuzaji angeapa kwa marehemu baba yake, mnunuzi angemtazama Jicho, Jicho angetazama angani, na biashara ingefia palepale.

Heshima hiyo aliipenda kupita kiasi, na tusimfichie. Wapo wanaume wanaotaka waitwe matajiri, wapo wanaotaka waitwe watanashati. Yeye alitaka watu waseme "Jicho kasema" na mazungumzo yaishie hapo. Akiipoteza hiyo, angebaki na nini? Kitambi, na gereji inayovuja.

Mkewe, Mama Mapacha, alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi alishona sare za shule na kuzipeleka mwenyewe, furushi moja kichwani na jingine kwapani, mpaka siku moja akalitua furushi mlangoni akasema imetosha, atanunua gari, na ataliendesha mwenyewe. Pesa zilikuwa zake, za jasho la cherehani. Kazi ya kulichagua akamwachia mumewe, maana nani ana daktari ndani akaenda kutibiwa kwa jirani?

Hata hivyo, njiani kuelekea kwenye yadi ya magari, aliuliza kwa upole, "Baba Mapacha, si tungemwita na fundi mwingine naye alitazame? Kinyozi hajinyoi."

Jicho alicheka mpaka akashika ubavu. "Kwani mimi nakwenda kunyolewa? Nakwenda kununua gari."

Yadi ilikuwa ya Bwana Funguo, muuza magari aliyepewa jina hilo kwa sababu ya shada la funguo kiunoni, lililomtangaza kabla hajafika. Jicho alipita kwenye magari manane akiyatoa kasoro moja baada ya jingine, kwa sauti ya kuwafikia hata wapita njia. Hili lina mchirizi wa rangi chini ya kioo. Hili vumbi limenasia kwenye rangi kama sukari kwenye andazi. Hili fundi wake alikuwa na haraka, hakuziba mipira ya milango, tazama rangi ilivyorukia. Alipofika kwenye la tisa, la kijivu, akanyamaza. Alilizunguka mara tatu. Akachuchumaa kwenye pembe zote nne. Akapitisha kiganja kwenye buti taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Hili," akatamka, "halijaguswa hata na inzi."

Bwana Funguo alikohoa kidogo. "Una hakika, fundi?"

"Unamuuliza nani?"

"Basi sawa. Wewe ndiye umesema."

Gari likaja nyumbani. Wiki nzima Jicho hakuwa na habari nyingine. Muuza mkaa wa jirani, mama mwenye miwani iliyokatika mkono mmoja, aliisikia habari ya rangi ya kiwandani mara nyingi kuliko alivyosikia bei ya mkaa wake mwenyewe.

Jumatatu asubuhi akaja mwalimu wa udereva, mtu mwembamba aliyefunga vifungo vya shati mpaka kooni, kuanza kumfundisha Mama Mapacha. Alikuja na vibao viwili vyeupe vyenye herufi nyekundu ya mwanafunzi, vya sumaku, vya kubandika mbele na nyuma. Majirani walikuwa wamejitokeza kumuona Mama Mapacha akishika usukani, na wengine, tuseme ukweli, kumuona akigonga ukuta. Mwalimu akabandika kibao cha kwanza kwenye boneti. Kikanasa, pa! Akazunguka nyuma, akabandika cha pili kwenye buti. Kikaanguka chini.

Akakiokota, akakipangusa kwenye suruali, akakibandika tena. Kikateleza pole pole, kikaanguka.

"Sumaku yako imechoka," Jicho akasema.

Mwalimu hakubisha. Alikipeleka kile kibao kilichochoka kwenye boneti, nacho kikanasa mpaka kukibandua ikawa kazi. Akarudi nacho nyuma. Kikaanguka mara ya tatu, safari hii kwenye kidole chake cha mguu.

"Mzee," akasema akichechemea, "hapa chini ya rangi pana puti, ule udongo wa kuzibia bati lililobonyea. Sumaku inashika bati, haishiki puti."

"Sumaku ni fimbo ya vipofu!" Jicho akafoka. "Mimi sijawahi kutumia sumaku tangu nizaliwe."

 Mama Mapacha alichukua kibao mkononi mwa mwalimu, akaanza kukipitisha kwenye gari pole pole, kama anavyopitisha chaki kwenye kitambaa kabla ya kukata. Mlango wa mbele wa kushoto, kikanasa. Mlango wa nyuma wa kushoto, kikanasa nusu kisha kikalegea. Ubavu wa nyuma, hakuna. Buti lote, hakuna. Akasimama, akamtazama mumewe. Majirani nao wakamtazama. Muuza mkaa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili asikose kitu.

"Nitalichunguza," Jicho akasema. "Msije mkavumisha mambo msiyoyajua."

Alilipeleka gereji, akafunga mlango wa mabati, akaweka na komeo.  Akauvuta mpira unaozunguka mdomo wa buti, ule ambao hakuna mnunuzi anayeuvuta, ili aone ukingo wa bati lenyewe. Pale, kwenye bati, palikuwa na maandishi ya penseli. Nyeupe kumi na nne. Nyeusi tatu. Bluu moja na nusu. Njano tone.

Sasa hapa lazima tueleze. Kila fundi wa rangi ana daftari lake la michanganyiko, na kila daftari la fundi wa rangi hupotea. Jicho, kwa kuwa aliwahi kupoteza matatu, alijiwekea desturi yake mwenyewe: mchanganyiko wa kila gari aliuandika kwa penseli kwenye gari hilohilo, chini ya mpira wa buti, ili mteja akirudi amekwaruzwa asihangaike kuutafuta upya. Hakuna fundi mwingine aliyefanya hivyo. Na hakuna mtu mwingine duniani aliyeandika nne kama kiti kilichovunjika mguu.

Akakaa juu ya ndoo ya rangi. Kumbukumbu zikaanza kumrudia. Miaka minne nyuma, daktari wa macho, mtu mnyenyekevu, alikuwa amegongwa nyuma na lori la mchanga. Buti lilikuwa limekunjika kama karatasi ya kufungia karanga. "Fundi," daktari alimwambia, "nataka kuliuza. Lizibe mpaka hata wewe mwenyewe usilijue." Jicho akamshika mkono, akamuahidi. Basi ahadi ni deni, naye alikuwa ameilipa yote bila kubakiza.

Maana wakati wa asubuhi Jicho alifichua, na wakati wa mchana Jicho alificha, na maisha yake yote hajawahi kuona ubaya wowote katika mpangilio huo. Magari yaliyoguswa yalikuwa yameguswa na mtu, na mtu huyo mara nyingi alikuwa yeye. Ila kwenye yadi mtu hutafuta makosa asiyoyafanya yeye. Kule kwa Bwana Funguo alitafuta michirizi, akatafuta vumbi, akatafuta mipira iliyorukiwa rangi, yaani alitafuta uzembe wa wenzake. Uzembe haukuwepo. Uongo ulikuwepo, lakini uongo ule ulikuwa wake, na wake hakuwahi kuuita uongo.

Ilipaswa aone haya. Haya ilikuja, ila ilichelewa. Kilichotangulia, Mungu amsamehe, ni furaha. Alisimama akapapasa lile buti, akanong'ona, "Ona mkono huo! Ona kazi hiyo!" Kama angekuwepo mtu wa kumwambia, angemwambia.

Alipofika nyumbani, mkewe alimuuliza, "Umeona nini?"

"Kidogo tu. Bado nachunguza."

"Kesho tunakwenda kwa Bwana Funguo, tukamrudishie uchafu wake."

Kesho yake Jicho aliamka na homa. Mama Mapacha akamshika paji la uso, akasema hana homa. Jicho akakumbuka ana kazi ya haraka gereji. Mama Mapacha akasema ameshapita gereji, hakuna gari hata moja. Jicho akasema gari lenyewe halitembei vizuri. Mwalimu wa udereva tayari alikuwa ameketi kwenye usukani, injini inanguruma, kibao cha nyuma kimefungwa kwa kamba. Jicho akapanda kiti cha nyuma kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Pale yadi, Bwana Funguo alikuwa na mteja, muuguzi kijana aliyekuwa bado na sare yake ya kazini, akilitazama gari jekundu. Uso wa muuguzi ulichangamka.

"Shikamoo, Mzee Jicho! Afadhali umekuja. Nilikuwa nataka nikutumie mtu."

"Marahaba," Jicho akaitikia kwa sauti ya chini.

Mama Mapacha hakusubiri salamu ziishe. "Bwana Funguo, umetuuzia puti. Ubavu mzima na buti. Umeniona mjinga, au umeniona nina pesa za kuchezea?"

Bwana Funguo akashika kifua, funguo zikalia. "Mimi, dada yangu? Mimi nilikuwa najua gari limegongwa."

"Ulikuwa unajua!"

"Nilijua kabisa. Daktari aliyeniuzia dhamiri ilimsuta, akaniambia. Nilikuwa nimeshajiandaa, mkiuliza nakubali, tunaelewana bei. Lakini mumeo hakuuliza, alitangaza! Halijaguswa hata na inzi. Mbele ya watu. Ningembishia Jicho, mimi nani? Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, basi labda yule daktari ndiye muongo."

Muuguzi akamtazama Jicho. Mwalimu wa udereva akatazama viatu vyake. Mama Mapacha akavuta pumzi, na kwa kuwa alikuwa mke mwenye heshima zake, hakumgeukia mumewe mbele za watu. Akatafuta mtu asiyekuwepo wa kumtwisha lawama.

"Basi mwizi ni huyo fundi aliyelipaka," akasema. "Mume wangu kadanganywa na mwizi."

Hapo Jicho angenyamaza, angetoka salama. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mkewe amemfungulia kwa mkono wake mwenyewe. Kilichohitajika ni kutikisa kichwa kwa huzuni na kusema kweli siku hizi wezi wamezidi. Na karibu aseme.

Ila Bwana Funguo, mtu wa kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akataka kumliwaza. "Tena mwizi wa vichochoroni, dada. Fundi wa ovyo. Puti amebandika kama udongo wa kukandika nyumba, rangi kamwagia kwa ndoo. Ni vile tu siku ile Jicho alikuwa amechoka."

"Ovyo?" Jicho akasema.

"Ovyo kabisa."

"Ovyo nini? Wewe unajua ovyo?" Sauti ilikuwa imeshapanda. "Njoo hapa. Njoo! Tazama ukingo huu. Unaona mahali puti inapoishia? Huoni! Hakuna anayeona! Huyo mtu alipiga msasa wa maji siku mbili nzima, vidole vikatoka malengelenge. Rangi mikono mitano, kila mkono ukauke wenyewe, bila moto, bila haraka. Na huu mchanganyiko! Kijivu hiki si kijivu cha kununua dukani, kina njano ndani yake, tone moja tu. Tone moja! Ukitia mawili, jua likipiga gari linageuka kijani. Kamwagia kwa ndoo! Mtu aliyefanya kazi hii mikono yake ingebusiwa!"

 Hata funguo za Bwana Funguo zilitulia.

"Baba Mapacha," mkewe akauliza, pole pole, "umejuaje njano ni tone moja?"

 Jicho alikuwa amemwaga mtama penye kuku wengi, na kuku wote walikuwa wanamtazama. Angeweza kusema alikisia. Angeweza kusema jicho lake linaona hata matone. Lakini alipomtazama mkewe usoni, uongo wote aliokuwa nao ulimwishia.

"Nililipaka mimi," akasema.

Bwana Funguo aliketi juu ya boneti ya gari la watu, akaanza kucheka, kicheko cha kuanzia tumboni, mpaka machozi yakamtoka. "Nyani haoni kundule!" akasema. "Haoni, haoni, na akilipapasa analisifu!"

Muuguzi hakucheka. "Mzee Jicho," akasema, "na hili jekundu je?"

"Limeguswa mlango wa kulia," Jicho akajibu.

"Mbona hujalisogelea?"

Jicho akaitazama mikono yake mwenyewe. Hata mwalimu wa udereva, mtu wa vifungo mpaka kooni, alishindwa kujizuia, akacheka.  Mama Mapacha alifungua mlango wa gari la kijivu, akaketi kwenye usukani, akasema, "Mwalimu, twende. Leo nataka kujifunza kurudi nyuma." Jicho alirudi nyumbani kwa miguu.

Alijua amekwisha. Siku mbili alikaa gereji akingoja wateja waje kumzomea. Hakuja mtu. Siku ya tatu, alipofika asubuhi, alikuta foleni ya magari. La kwanza halikuwa na bampa. La pili lilikuwa limeingia ukutani kwa ubavu. La tatu lilivutwa kwa kamba. Mwenye gari la kwanza alimsogelea, akatazama kushoto na kulia, akanong'ona kwa heshima kubwa, "Fundi, nataka kazi kama ile uliyojidanganya nayo mwenyewe."

Habari ilikuwa imevuka mitaa. Waliokuwa na magari ya kuuza, waliokuwa na ya kuficha, wote walikuja. Bwana Funguo mwenyewe alileta manne kwa mpigo na kumkumbatia kama ndugu. Kazi zikawa nyingi mpaka ikabidi magari mengine yalale barabarani. Fundi mwingine angechinja mbuzi. Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kumchukua amkagulie gari, na mtaani, mtu akisema jambo lisilo na mguu wala kichwa, wenzake walimjibu, "Jicho kasema," wakacheka, wakaendelea na yao.

Nyumbani Mama Mapacha hakugomba. Alipika, akapakua, akaulizia habari za gereji, akafua ovaroli. Jicho alingoja ugomvi kwa hamu, maana ugomvi una mwisho, na haukuja. Wiki ya pili akajiambia basi yameisha, mke wangu ni mtu wa kusamehe. Akaanza tena kupiga mluzi akinawa mikono.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa amesimama mlangoni akijifuta rangi kwenye vidole. Ndani, mkewe alikuwa anamalizia gauni la mteja, la bluu, na mkononi alikuwa na vipande viwili vya uzi, vya bluu zinazokaribiana. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao hakuwahi kutia uzi kwenye cherehani kabla Jicho hajaupitisha. Angemnyooshea nyuzi na kitambaa hata kama mwenzake anakula, naye angesema huu, au huu, na ungekuwa huo. Ulikuwa ndio mchango wake katika kila nguo iliyotoka kwenye nyumba ile, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha nguo kwa sababu ya uzi.

Mama Mapacha aliinuka na nyuzi zake na pindo la gauni, akaja mlangoni. Jicho akanyoosha mkono kuzipokea.

"Samahani, Baba Mapacha," akasema, "nipishe kidogo."

Akampita, akashuka ngazi, akavuka mpaka kwa muuza mkaa aliyekuwa anapima mkaa kwa makopo juani. "Shoga," akamwambia, "hebu nitazamie. Upi unaendana?"

Muuza mkaa akafuta mikono, akarekebisha miwani yake yenye mkono mmoja, akazisogeza nyuzi puani. Kutoka hatua kumi Jicho alikuwa ameshaona. Ilikuwa wazi kama mchana. "Wa kushoto," akasema kutoka mlangoni. Mkewe aligeuka.

"Ahsante," akamwambia kwa upole, kama anavyoshukuriwa mpita njia. Kisha akamgeukia muuza mkaa, akangoja jibu.